Babu Radi Alivyofutwa na Daftari Langu

Mtakaposoma daftari hili mtakuta herufi zimelala upande mmoja kama mahindi baada ya upepo, na maneno mengine nimeyaandika jinsi yanavyosikika kwetu Mishamo. Mnisamehe. Nilisoma mpaka darasa la saba, na tangu hapo mkono wangu haujaongeza mwendo. Ukurasa mmoja unanichukua muda wa chungu cha maharage kuiva, na ninasema maharage makavu.

Najua pia kwamba mtu wa miaka ishirini na mitatu hasemi amestaafu. Mama Tunu alicheka nilipolitumia neno hilo. Lakini kazi niliifanya miaka minne, nimeiacha, sirudi, na sijui neno lingine la jambo hilo. Nawaandikia nyie wawili, Anitha na Jofrey, mnaoshika kalamu baada yangu. Habari za malipo na cheo siziweki. Cheo kilikuwa kimoja na hakikuwa na jina.

Kazi yenyewe ni kuandika maoni ya watu wanaocheza Bonde la Mazimwi. Nyie mnaujua mchezo, ila daftari huenda likasomwa na mtu mwingine, kwa hiyo naeleza. Una wapiganaji watano. Kuna Mchunga Nyati na nyati wake wawili, kuna dada mwenye upinde, kuna zimwi dogo linalouma miguu, na wengine. Unawapanga kwenye miraba kama unavyopanga viti vya wageni, unabonyeza Anza, kisha unaondoa mikono. Wanapigana wenyewe. Kama umepanga vizuri unashinda. Kama umepanga vibaya unakaa hapo unaangalia wanavyokufa mmoja mmoja. Ukishinda unaletewa wapiganaji watatu, unachagua mmoja, unapanga upya, unaendelea.

Mchezo huu aliutengeneza kaka Fadhili, mzaliwa wa Misunkumilo hapa jirani, akiwa Tabora na rafiki yake mmoja anayechora. Hawakuwa na kampuni. Walikuwa na kompyuta mbili, na moja ilikuwa ya kuazima. Kaka Fadhili alitaka kujua watu wa kwao wanauonaje, ndipo akanitafuta. Mama Tunu ndiye aliyenitaja. Nilikuwa nimetoka Mishamo kuja kukaa kwa mjomba wangu hapa Makanyagio, na Mama Tunu alikuwa ameniona nikikaa kwenye kibanda chake cha kuchaji simu kutwa nzima bila kusema neno. Alimwambia kaka Fadhili, "Huyu hasemi. Labda anaandika."

Siku ya kwanza nilikabidhiwa vishikwambi viwili, daftari la mistari na sheria tatu. Usiandike jina la mchezaji, ili watu wawe huru. Usibishane na mchezaji. Andika Kiswahili safi, kwa sababu mchoraji naye anasoma. Kila Ijumaa nilitakiwa kupiga picha kurasa na kuzituma Tabora kwa simu. Kaka Fadhili alipanda treni, nami nikabaki na benchi, vishikwambi na aibu yangu.

Siku hiyo walicheza watu tisa. Niliwauliza mmoja mmoja wanauonaje mchezo. Wote tisa walisema ni mzuri. Mmoja aliongeza hongera kwa kazi, mwingine akauliza kama wazazi wangu hawajambo. Niliandika "mzuri" mara tisa, na siku ya pili mara kumi na moja. Ijumaa kaka Fadhili alinijibu kwamba amefurahi, lakini hajui arekebishe nini.

Mama Tunu alikuwa akisuka nyaya za chaja zisichanganyike. Akaniuliza, "Eze, ukikaribishwa ugali mahali, ukaukuta mbichi, unasemaje?"

"Nasema asante, nimeshiba."

"Basi ndivyo wanavyokujibu. Wamekaribishwa."

"Sasa nifanyeje?"

"Mgeni anausema ugali akiwa njiani anarudi. Kaa njiani."

Ilinichukua siku kadhaa kuipata hiyo njia. Ipo ndani ya mchezo wenyewe. Mtu akishabonyeza Anza, mikono yake haina kazi. Anaiweka mapajani, au anashika kidevu, na mdomo unafunguka. Hapo hazungumzi na mimi. Anazungumza na wapiganaji, na jirani yake kwenye benchi, na Mungu. Nilihamisha kigoda changu nikakiweka nyuma ya benchi, nikawapa mgongo, nikajifanya nafungua nyaya. Daftari lilikuwa juu ya goti. Pambano moja ni kama dakika mbili, na kwa mwendo wa mkono wangu dakika mbili ni sentensi moja. Kwa hiyo nilijifunza kuchagua sentensi.

Vifaa: kalamu ya risasi ni bora kuliko ya wino, kwa sababu kiangazi wino unakauka na masika karatasi inaufyonza. Kiti chenu kisiwe na mlio. Kishikwambi kimoja kina kioo kilichopasuka kwenye pembe, msikibadilishe, watu wamekizoea. Na msivae saa. Mtu akiona unatazama saa anadhani unamfukuza.

Maoni niliyoyapata nyuma ya benchi yalikuwa ya namna nyingine. Dereva mmoja wa bodaboda alisema, "Hivi vita vinaisha lini, abiria wangu amenikalia kule." Niliandika kwamba pambano ni refu kwa mtu anayengoja abiria, na kaka Fadhili akaweka kitufe cha kuongeza kasi. Mwalimu wa kwaya alisema mazimwi si ya kuchezewa na Mkristo, akayasema hayo akiwa raundi ya kumi na mbili. Niliandika yote mawili. Mama mmoja aliyeleta simu kuchajiwa alicheza mara moja tu. Mpiganaji wake wa upinde alizungukwa, naye akasema taratibu, "Namuona anakufa, na mikono ninayo." Hakurudi tena. Nadhani hayo ndiyo maoni sahihi kuliko yote yaliyowahi kutolewa juu ya mchezo huu, na hayakuwa na cha kurekebisha.

Sasa nafika kwenye kosa.

Mwaka wa pili walianza kuja watu wawili kila siku baada ya saa nane. Mmoja ni Maduhu, Msukuma, ambaye ng'ombe wa baba yake wako pembeni mwa Misunkumilo. Analeta maziwa mjini kwa pikipiki asubuhi, akimaliza anapita kibandani. Wa pili ni fundi Kanuti, Mfipa, anayetengeneza baiskeli hatua chache kutoka kwa Mama Tunu. Fundi Kanuti alikuwa na mpiganaji mmoja anayempenda, Babu Radi. Ni mzee aliyevaa kaniki, anasimama nyuma ya wenzake, anahesabu vidole vyake mpaka kumi, kisha anapiga radi inayoangusha maadui watatu kwa mkupuo. Tatizo lake ni huko kuhesabu. Mara nyingi anauawa akiwa kwenye kidole cha saba.

Maduhu hakumpa mzee huyo nafasi ya kupumua.

"Mtani, huyo babu yako anahesabu nini? Anahesabu panya aliokula?"

"Anahesabu ng'ombe wako atakaowapiga."

"Mfuteni. Mzee gani anaingia vitani na mitishamba mfukoni. Mwambieni aliyetengeneza amtoe, anatuchafulia bonde."

"Akitolewa, wewe nani atakuimbia ulale?"

"Nitalala usingizi, mtani. Usingizi mtupu."

Mimi niko nyuma, nawapa mgongo, naandika. Na kwa kuwa niliambiwa Kiswahili safi, niliondoa panya, nikaondoa mitishamba, nikaondoa "mtani" kama nilivyozoea kuondoa "bwana" na "aisee". Kilichobaki kilikuwa hiki: Mchezaji anashauri Babu Radi aondolewe. Kesho yake Maduhu alisema tena. Na keshokutwa. Kwa kuwa majina yalikatazwa, kila siku ilionekana ni mchezaji mwingine.

Inabidi nieleze kwa nini sikuelewa. Mishamo tulikuwa watu wa asili moja, Warundi tuliotoka upande mmoja, wazee wetu wakalima mahindi, maharage na muhogo, na shule tulisoma sisi kwa sisi. Nilikuwa nimesikia kwamba Watanzania wana makabila yanayotaniana, kama unavyosikia kwamba baharini kuna samaki wakubwa. Lakini sisi hatukuwa na mtu wa kututukana kwa ruhusa. Kwetu mtu akikutukana mara kumi na saba, kuna jambo.

Mara zenyewe zilikuwa kumi na saba. Nilizihesabu baadaye.

Toleo jipya la mchezo lilikuja Jumatatu moja ya mwezi wa sita. Kaka Fadhili aliniandikia kwamba amesikiliza maoni ya wengi na amemtoa Babu Radi. Nilifurahi, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza daftari langu kuondoa mtu. Niliweka toleo jipya kwenye kishikwambi kizima. Kile cha kioo kilichopasuka kilikataa, nafasi ilikuwa imejaa.

Saa nane walikuja. Fundi Kanuti alimtafuta babu yake raundi tano, hakuletewa. Nikamwambia ametolewa. Alimaliza raundi, akafuta mikono yenye grisi, akarudi kwenye baiskeli zake. Maduhu alibaki ameshika kofia ya pikipiki.

Siku iliyofuata Maduhu alikuja amevaa koti nje ndani, amejifunga kamba ya mgomba kiunoni. Akakaa chini mbele ya kibanda, akaanza kulia bila machozi. "Babu wa watu amekufa. Alifika kidole cha saba. Nani atampigia radi mtani wangu." Kisha akaamka, akaenda kwa fundi Kanuti, akachukua pampu ya baiskeli akaiweka begani. "Huu ndio urithi wangu. Mwenye neno aseme." Fundi Kanuti alicheka mpaka akashika ukuta. Watu walisimama kuangalia. Mama Tunu naye alicheka.

Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilitoka nyuma ya benchi, jambo ambalo silifanyi.

"Kaka Maduhu, si wewe uliyetaka atolewe?"

"Mimi?"

"Ndiyo. Nimeandika."

Maduhu aliacha kulia. Akamwangalia fundi Kanuti, fundi Kanuti akaniangalia mimi.

"Eze," fundi akasema, "huyu ni mtani wangu."

"Najua unamwita hivyo."

"Simwiti tu. Ni mtani. Babu zetu walitaniana, sisi tumekuta. Mama yangu alipofariki, huyu aliingia kaburini akalala humo, akasema jeneza halishuki mpaka apewe jogoo. Tulikuwa tunalia, tukacheka, tukampa jogoo, tukazika. Ungekuwepo na daftari lako ungeandika nini? Kwamba mchezaji anashauri marehemu asizikwe?"

Watu waliokuwa wamesimama walicheka sana. Sikuwalaumu. Maduhu alirudisha pampu taratibu, akasema, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemuua," safari hii bila kulia.

Baada ya hapo benchi likaanza kupungua watu. Fundi Kanuti hakuwa na wa kumtetea, Maduhu hakuwa na wa kumtukana, na wale waliokuwa wakija kuwasikiliza wakakosa cha kusikiliza. Kumbe nusu ya wachezaji wetu walikuja kwa ajili ya wale wawili. Kaka Fadhili kule Tabora anaona kila siku mapambano mangapi yamepigwa. Wiki ya tatu akanipigia simu.

"Eze, nakuja Jumamosi na treni. Nitachukua vishikwambi."

"Vinatengenezwa?"

"Hapana. Naacha. Kaka yangu ana duka la vipuri hapa Tabora, ananitaka nikae kaunta. Nilimwambia angoje niangalie kama watu wanaupenda mchezo. Nimeangalia. Nimewasikiliza, nimetoa wasichokitaka, wamezidi kuondoka."

Nilitakiwa kusema hapo hapo. Nilisema, "Sawa kaka." Simu ikakatika, nami nikabaki nimeishika sikioni mpaka Mama Tunu akaniuliza naongea na nani.

Nilikuwa na siku tano. Madaftari yalikuwa manane. Wazo la kwanza lilikuwa kuyaandika upya yote, nikirudisha kila neno nililoondoa, lakini kwa mkono wangu hiyo ni kazi ya mwaka. Wazo la pili lilikuwa kuwauliza wenyewe. Nilikwenda kwa Maduhu na daftari, nikamsomea sentensi moja moja: hii ilikuwa utani au kweli?

"Hiyo kweli tupu," alisema. "Wafipa wote wafutwe, waanze na yule wa baiskeli."

"Kaka, naomba unijibu."

"Nimekujibu. Andika."

Fundi Kanuti naye nilipomuuliza kuhusu Mchunga Nyati, ambaye alikuwa akimwita mwizi wa maziwa, alisema ni mwizi kweli na ana ushahidi. Ndipo nikaelewa kwamba mtani humuulizi. Ukimuuliza unampa nafasi nyingine.

Jumatano nilikuwa nafuta vumbi kishikwambi kilichopasuka. Kilikuwa bado na toleo la zamani. Hakikukubali kuanzisha pambano jipya, lakini kilihifadhi yaliyopita: ukibonyeza unaona kila kikosi kilivyopangwa na kilivyopigana. Wachezaji hawaandiki majina yao, wanaandika jina la kikosi. Cha fundi Kanuti kinaitwa Pampu. Cha Maduhu kinaitwa Ng'ombe Mia. Nilifungua mapambano ya Ng'ombe Mia, yalikuwa ishirini na moja. Babu Radi alikuwemo katika ishirini. Na hakuwekwa ovyo. Alikuwa kwenye mraba wa nyuma kabisa pembeni, amezungushiwa nyati wawili, kama ndama mgonjwa anavyolindwa zizini. Hata fundi Kanuti hakuwahi kumpanga vizuri namna hiyo. Huyo wa Maduhu alikuwa anafika kidole cha kumi.

Maduhu alikuja akanikuta naangalia. Akainama, akaona, akazima kioo kwa kidole chake.

"Usimwonyeshe Kanuti," alisema.

Sasa fundi Kanuti anajua, na Maduhu ameniruhusu niandike. Sharti lake ni kwamba nitaje kuwa yeye ni hodari. Nimetaja.

Siku zilizobaki niliandika ukurasa mmoja. Niliupiga mstari katikati. Kushoto niliandika alichosema, kama alivyosema, na panya wake na mitishamba yake. Kulia niliandika alichofanya pambano lililofuata. Kushoto: Mfuteni mzee huyu. Kulia: akampanga nyuma, akamlinda kwa nyati wawili. Kushoto: Anatuchafulia bonde. Kulia: aliletewa watatu, akamchagua yeye. Mistari ilikuwa kumi na saba. Chini kabisa niliandika kwamba neno "mtani" nililiondoa mimi, kwa kutojua, na kwamba wengi waliotaka Babu Radi atolewe walikuwa mtu mmoja, na hakutaka.

Jumamosi kaka Fadhili alifika na begi tupu. Nilikuwa nimepanga nimpe karatasi kisha nitoke nikachote maji. Mama Tunu alikuwa mlangoni na beseni lake, hakusogea. "Kaa," alisema. Nikakaa.

Kaka Fadhili alisoma polepole, karibu kama ninavyoandika. Alipofika chini akarudi juu.

"Kwa nini hukuniambia kwenye simu?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

"Madaftari manane uliyoyafuata. Maneno yalisemwa, sikuongopa. Ila niliyaosha."

"Mimi ni Mfipa, Eze," alisema. "Kaka yangu ameoa Msukuma. Harusini walituibia bwana harusi, tukamkomboa kwa kreti ya soda. Ungeniachia neno hilo moja ningecheka, nikaendelea na kazi. Nimemfukuza babu wa watu kwa maneno ya mtani wake."

Aliomba kile kishikwambi kilichopasuka, akafungua mapambano ya Ng'ombe Mia moja baada ya jingine. Kwenye lile la tisa au la kumi aliita, "Njoo uone hapa," lakini hakuwa ananiita mimi, alikuwa anaongea tu, kama wanavyoongea watu mikono ikiwa haina kazi. Babu Radi alikuwa anahesabu, nyati wanazuia, nane, tisa, kumi. Kaka Fadhili alisema kwa sauti ndogo, "Sikujua kama anaweza kupangwa hivi."

Saa nane walikuja. Maduhu alipomwona akauliza kwa sauti kama huyu ndiye jirani aliyeua babu yake mwenyewe, na kama ng'ombe wa matanga wameshapatikana. Fundi Kanuti akamwambia mtu mwenye harufu ya maziwa yaliyolala asizungumze na wasomi. Kaka Fadhili alichukua kigoda changu, akakiweka nyuma ya benchi, akawapa mgongo, akaandika. Alijaza ukurasa. Kisha akanionyesha na kuniuliza, "Humu kipi ni kweli?" Nikamwambia ni mapema mno kujua, tungoje wapange.

Aliondoka Jumatatu. Begi lilikuwa tupu kama lilivyokuja. Dukani kwa kaka yake alikwenda kukaa mtu mwingine.

Babu Radi alirudi baada ya wiki kadhaa. Alirudi na sura nyingine kidogo, kwa sababu mchoraji alikuwa ameshafuta ile ya kwanza, na hiyo hatutaipata tena. Fundi Kanuti alisema amenenepa. Maduhu alisema angebaki kaburini, bonde lilikuwa limeanza kunukia vizuri, kisha akampanga nyuma ya nyati wawili. Niliandika kushoto, nikaandika kulia. Tangu hapo nimeandika hivyo kwa miaka miwili, na nyie mtaandika hivyo.

Yapo machache ya kuongeza. Msioshe maneno ya mtu, hata kama ni machafu. Mwachieni kaka Fadhili aoshe mwenyewe. Mtu anayekuja kila siku kulalamika msimuogope, muogopeni aliyesema "mzuri" akaenda zake. Andikeni jina la kikosi, kwa sababu bila hilo mtu mmoja anageuka umati. Na Jofrey, wewe ni Mnyamwezi, una watani wengi hapa mjini. Usitaniane nao ukiwa kazini, utashindwa kuandika.

Naacha kwa sababu baba amenigawia shamba kule Mishamo na mvua hazingoji mtu. Wapo waliodhani naacha kwa lile kosa. Lile kosa ndilo lililonifanya nibaki miaka miwili zaidi. Siku ya mwisho fundi Kanuti alinifungia baiskeli yangu breki mpya na Maduhu akasema hawezi kuniaga, kwa sababu Mrundi akienda kulima anakwenda kulala kwenye kivuli cha muhogo. Watu walinigeukia waone nitasemaje. Nilisema muhogo wetu una kivuli kirefu kuliko ng'ombe wake wote mia. Sauti yangu haikutoka vizuri, ila walisikia.

Nimemaliza. Naomba mniandikie, nyie wawili na yeyote mwingine atakayelisoma daftari hili, barua iachwe kwa Mama Tunu, kuna lori la mahindi linalokuja Mishamo kila wiki. Msiniandikie kwamba ni zuri. Niambieni mlilisoma mkiwa wapi, mlifika ukurasa gani mkaliweka chini, na mlipoliweka mlikwenda kufanya nini.